Folda ya Mwanahawa

Bi Tausi alinipigia simu nikiwa kazini Dar, katika chumba cha seva ambako huwa navaa sweta nzito kama mtu wa Njombe, na hakusubiri salamu. Yeye ambaye shikamoo peke yake ilikuwa haimtoshi, mpaka umuulize habari za mguu, za kuku na za jirani aliyesogeza mpaka wa shamba, safari hii alisema tu, "Somoe, Fidelisi ametutoka. Wanataka nimsome mimi. Sitamsoma usipokuwepo." Nikamuuliza Fidelisi gani, swali la kijinga, maana katika maisha yangu yupo mmoja tu. Nikasikia jogoo wake akiwika huko Mchinga, nikakaa chini sakafuni katikati ya mashine. Wenzangu wakaja mbio wakidhani nimepigwa na umeme.

Asubuhi iliyofuata nilikuwa ndani ya basi la kusini. Somanga basi likasimama kama kawaida yake, abiria wakashuka kununua samaki wa kukaanga, mama mmoja akanigongea dirisha na sinia lake, nikamtikisia kichwa.  Mimi huwa siwezi kupita Somanga hata siku za furaha bila kumkumbuka mtu anayeitwa Selemani, ambaye nilikaa naye mara moja tu kwenye benchi, na ambaye bila yeye nisingekuwa na kazi hii ninayoilalamikia na kuijivunia kwa pamoja. Sasa nimefika umri ambao wasichana wa ofisini wananiamkia, wananiita mama Somoe, wananiuliza nilijifunzia wapi kuzielewa diski namna hii. Huwa nawatajia chuo, kwa kuwa jibu la kweli ni refu. Jibu la kweli ni mwaka mmoja tu, redioni Lindi, nikiwa kati ya Bi Tausi aliyesoma matangazo ya vifo na Fidelisi aliyekuwa fundi wetu wa kompyuta.

Redio yenyewe ilikuwa nyumba ya kupanga, si mbali na mtaa wa Rasbura, nyumba ya familia iliyogeuzwa kazi. Studio ilikuwa chumba cha watoto. Ukutani tulibandika trei za mayai kuzuia mwangwi, na darini bado kulikuwa na ndoano ya chandarua ambayo hakuna aliyejisumbua kuing'oa. Sebuleni walikaa watangazaji, wakigombea feni moja. Jiko la ndani ndilo lilikuwa chumba cha seva: masizi ya mpishi wa zamani yalikuwa bado ukutani, na seva ilisimama palepale palipokuwa na mafiga, ikipuliziwa na kiyoyozi kilichodondosha maji kwenye ndoo. Fidelisi alikuwa akisema pale ndipo panapostahili, kwa sababu hata sasa nyumba nzima inalishwa kutokea pale. Kila kipindi, kila wimbo, kila tangazo lilikuwa ndani ya mashine ile, na sisi sote tulichota na kutia humo kutwa nzima.

Mimi niliajiriwa kumrekodi Bi Tausi. Nilitoka chuoni nikiwa najiona, na kazi yenyewe ikawa kukaa na mwanamke wa makamo anayevaa miwani iliyofungwa uzi, nikimsikiliza akitaja waliokufa. Nilinuna wiki ya kwanza nzima. Lakini sauti yake jamani! Alisoma taratibu, bila kulia na bila ukavu, kama mtu anayekushika bega kabla hajakwambia. "Bwana Fulani wa Mingoyo anasikitika kutangaza kifo cha mama yake mpendwa kilichotokea leo alfajiri. Mazishi ni leo baada ya sala ya alasiri. Habari ziwafikie," na hapo angetaja majina, mmoja baada ya mwingine, kaka wa Kilwa, shangazi wa Nachingwea, "na wengine wote popote mlipo." Mtu yuko shambani kwake, simu haina mtandao au ameiacha kijijini inachajiwa, redio imetundikwa kibandani. Anasikia jina la mama yake, anatupa jembe, anakimbilia barabarani. Kwetu maiti haikai. Ukichelewa, unakuta kaburi. Ndiyo maana watu wa pwani ile walikuwa wakizima soga wakisikia sauti ya Bi Tausi, na ndiyo maana hakuna kazi nyingine redioni iliyokuwa na haraka kama yake.

Pamoja na haraka hiyo, alikuwa hasomi hewani moja kwa moja. Lazima arekodi kwanza, tuhifadhi, ndipo mashine ya kurushia ilichukue tangazo na kulitoa. Nilidhani ni madaha ya wakubwa mpaka mpokezi wetu aliponivuta pembeni na kunieleza. Zamani Bi Tausi alikuwa akisoma hewani. Siku moja alizima simu yake kama ilivyo desturi ya studio, akaketi, akaletewa karatasi za asubuhi ile, akaanza kusoma. Ya tatu ilikuwa ya bwana mmoja wa Kilwa anayesikitika kutangaza kifo cha mke wake aliyefariki akijifungua. Aliyeipokea kwa simu hakujua ni nani. Bi Tausi akasoma jina la mume, akasoma "mke wake mpendwa Mwanahawa", na hapo watu wote wa Lindi na Kilwa wakasikia kiti kikianguka. Alikuwa mwanawe wa pekee. Baada ya arobaini alirudi kazini, akalisoma tena tangazo lile peke yake, akalirekodi vizuri mpaka mwisho, akalihifadhi kwenye folda mpya aliyoipa jina Matangazo. Tangu siku ile kila aliyekufa akatangazwa na redio yetu aliwekwa humo humo, Mwislamu na Mkristo, mtoto mchanga na diwani, na hakufutwa mtu.

Basi, siku ya Athumani. Athumani alikuwa mvuvi wa Mchinga, mtu mzima, alikuja asubuhi na kanzu mkononi kwa kuwa baba yake amefariki alfajiri na anazikwa alasiri. Alikuwa na ombi moja tu: mdogo wake Selemani analima ufuta huko ndani, mbele ya Somanga, simu haimpati, ana redio. Bi Tausi akasoma, nikarekodi, nikabofya kuhifadhi. Kile kiduara kikaanza kuzunguka. Kikazunguka. Asubuhi zile wawakilishi wetu wote wa wilayani walikuwa wakituma matangazo yao kwa pamoja, watu wa vipindi wanahamisha mahojiano, mashine ya kurushia inatafuta kipya cha kutoa, na seva imeelemewa. Tulisimama tukiangalia. Kila mmoja alisema sasa hivi itamaliza. Mtangazaji wa zamu alikuwa na mgeni hewani, naye kwa ishara ya mkono akauliza tayari, na mimi kwa ishara nikamjibu bado kidogo. Muda wa matangazo ukapita. Lilipokuja kuhifadhika, taarifa ya mchana ilikuwa imeshaanza, na tangazo likatoka jioni, mzee wa watu akiwa ameshafukiwa.

Selemani alikuja kesho yake. Tulimtegemea atutukane, na meneja alishajifungia ofisini kwa woga. Hakutukana. Aliketi kwenye benchi la nje, miguu ina vumbi la ufuta, akaomba maji, akanywa, kisha akasema, "Naomba kulisikia." Bi Tausi hakuelewa. "Tangazo la baba. Jioni betri zilikuwa zimeisha. Niliambiwa na watu barabarani." Tukaleta spika ndogo, nikakaa naye pale benchini, akalisikiliza lote. Liliposema "habari zimfikie Selemani popote alipo", aliitikia, "Zimenifikia." Akashukuru, akaondoka. Nililia mpaka nikakosa haya, na Fidelisi alikwenda kusimama jikoni akiwa ameegemea seva. Alikuwa mtu wa uwanda wa Wamakonde, mrefu, mpole, anayetabasamu upande mmoja wa mdomo, na sikuwahi kumwona amekasirika kabla ya siku ile. Alisema, "Somoe, mashine haiwezi kumnyima mtu kumzika baba yake. Haiwezekani. Nitaitengeneza au naacha kazi."

Meneja, kwa aibu nadhani, alinunua diski mpya, zile zinazoitwa esesidi, ambazo hazina kitu kinachozunguka ndani. Ilikuwa kama sikukuu. Fidelisi alihamishia kila kitu humo, akachukua siku nzima, akatoka jikoni na masizi kwenye paji la uso. Tukajaribu mmoja mmoja: paap, limehifadhika. Watu wakapiga makofi. Asubuhi iliyofuata wawakilishi wakaingia wote kwa pamoja kama kawaida, na kile kiduara kikaanza kuzunguka vilevile. Looh! Walimsema yule kijana! Mtangazaji wa michezo alisema redio imenunua pikipiki mpya na Fidelisi anaisukuma kwa mkono. Mhasibu kila akipita jikoni alikuwa akiuliza kama ainunulie pikipiki hiyo kengele. Fidelisi alicheka nao, halafu akirudi jikoni anakaa peke yake mbele ya seva, na mimi nikaanza kwenda kukaa naye.

Ndivyo nilivyojifunza. Mchana tulinunua ming'oko ya kuchemsha, vile viazi vya porini vya kusini, kwa bibi mmoja aliyepita na beseni, tunaimenya kwa meno, tunachovya kwenye chumvi na pilipili, na Fidelisi ananieleza huku vidole vimejaa utomvu. "Diski za zamani zina mkono ndani, unasogea huku na huku kutafuta kitu kilipo," alisema. "Watu wakiwa wengi mkono unahangaika. Kwa hiyo mfumo wa kuhifadhi ukafundishwa kuwapanga foleni, ukawa unawaruhusu wachache wachache, ili mkono usichoke. Hizi mpya hazina mkono. Hazichoki. Unaweza kuzipa kazi nyingi kwa mara moja na ndiyo kwanza zinafurahi. Lakini mfumo haujui. Bado unapanga foleni kuuhurumia mkono ambao haupo."

"Si uuambie?"

"Ndiyo kazi tuliyonayo, Somoe. Kuuambia."

Nimeifanya kazi hiyo miaka yote tangu wakati ule, katika vyumba vikubwa vyenye mashine ambazo Fidelisi hakuwahi kuziona, na bado sijapata maelezo mazuri kuliko yale. Tuliuambia kidogo kidogo. Kwanza aliondoa ule upangaji wa foleni. Kukawa na nafuu. Akaongeza idadi ya maombi yanayoweza kuingia kwenye diski kwa wakati mmoja. Nafuu nyingine. Kila badiliko tulilipima, tukilikuta baya tunalirudisha, na alinikataza kabisa kubadili vitu viwili kwa mpigo, maana hutajua ni kipi kilichokuponya. Watu wa vipindi wakaanza kufurahi. Matangazo peke yake ndiyo yaliendelea kukwama, na hilo lilimkosesha Fidelisi usingizi, akawa anakuja kazini macho mekundu.

Siku moja alituomba wote tumpe dakika chache kabla ya chakula. Kila mmoja akae kwenye kompyuta yake, hata mhasibu, hata meneja. "Nikisema tatu, kila mtu ahifadhi kwenye folda ya kipindi chake. Moja, mbili, tatu!" Paap, yote yakaingia kwa pamoja, mhasibu akapiga kigelegele. "Sasa mafaili yaleyale, kila mtu ahifadhi kwenye Matangazo. Moja, mbili, tatu." Viduara vikazunguka nyumba nzima. Fidelisi akasimama katikati ya sebule amejishika kiuno. Hakufurahi kama mtu aliyepata jibu. Alimtazama Bi Tausi, ambaye peke yake alikuwa hajashiriki, ameketi mlangoni akichambua kisamvu cha nyumbani kwake.

Walizungumza studio, mlango wazi, na mimi nilikuwa ninakunja nyaya, nikasikia yote. Fidelisi alimweleza kwa adabu, akimwita mama. Kwamba kila folda ina kufuli yake. Anayeingiza faili anaifunga, akimaliza anaifungua, wengine wanasubiri nje. Diski iwe na kasi ya namna gani, mlango ni mmoja. Na ile mashine ya kurushia, kila mara inapoingia kutafuta tangazo jipya, inapitia yote yaliyomo tangu la kwanza, na ikiwa humo hakuna anayeweza kuingiza. Folda ikigawanywa, Kilwa iwe na yake, Mchinga na yake, Somanga na yake, kila mmoja atapita mlango wake.

"Tangu la kwanza," Bi Tausi alisema.

"Ndiyo, mama."

"Unamjua wa kwanza?"

Fidelisi hakumjua. Alikuwa mgeni Lindi, na hakuna aliyekuwa amemweleza. Bi Tausi akamweleza kwa sauti ileile ya matangazo, bila kupandisha wala kushusha. "Nilipomweka mle alikuwa peke yake. Siku nzima sikula, nikimfikiria mle ndani peke yake. Siku ya pili akaja mzee wa Mingoyo. Nikasema alhamdulillahi, amepata mtu. Ikafuata familia nzima iliyopata ajali. Mpaka leo haipiti siku bila mtu kuingia kwake. Sasa wewe unaniambia nifunge mlango, asiingie mtu tena kwa mwanangu."

"Hatutamtoa, mama. Hatutafuta hata mmoja."

"Sikusema utafuta. Nimesema hataingia mtu tena."

Fidelisi alitoka. Mimi nilimfuata jikoni nikamwambia aigawe tu kimyakimya, bibi wa watu hataona tofauti, haya ni mambo ya ndani ya mashine. Nilikuwa kijana na niliona nina akili. Akaniangalia kama simfahamu. "Ni mtoto wake, Somoe," alisema. "Mimi siwezi kwenda kuhamisha makaburi ya watu wakiwa wamelala." Miezi ikapita hivyo. Kila asubuhi kiduara kilizunguka, mara nyingine kidogo, mara nyingine sana, na Bi Tausi alikaa mbele yake bila kukitazama. Wenzetu walijua kuna jambo, wakapunguza utani. Meneja angeweza kutoa amri, lakini hata yeye alikuwepo siku kile kiti kilipoanguka.

Katika miezi ile nilimpenda Fidelisi. Ninalisema sasa kwa kuwa hayupo wa kulionea aibu. Nilipenda alivyoongea na mashine kwa Kimakonde akidhani hakuna anayesikia, na alivyonichagulia ming'oko iliyonyooka akabaki na ile yenye vinundu. Siku moja aliniuliza, huku anatazama ganda mkononi, "Nikija kwenu watanifukuza?" Nikamwambia watamkaribisha chai kwanza, wamuulize habari za kwao, ndipo wamfukuze. Tukacheka sana. Yeye alikuwa akihudumu misa ya kwanza kila Jumapili, mimi baba yangu mwalimu wa madrasa, na hakuna kati yetu aliyekuwa mtu wa kuvunja nyumba za wazazi. Tukamaliza ming'oko yetu, na hatukulirudia tena. Baadaye alioa mwanamke mzuri wa kwao, nikaenda harusini, nikacheza.

Ilikuwa msimu wa korosho, mji mzima unanuka mabibo, Athumani wa Mchinga aliporudi. Tulikuwa ndiyo kwanza tunafungua milango. Alisimama uani na kanzu mkononi, vilevile kama mara ya kwanza, na kabla hatujauliza akamwambia Bi Tausi, "Shikamoo. Ni mama safari hii. Amefariki alfajiri. Nimekuja mapema, Bi Tausi. Nimekuja hata kabla hajaoshwa, ili na nyie mpate nafasi." Hakusema kwa kutusuta. Alikuwa amekaa na jambo lile miezi yote ile akaamua kwamba kosa lilikuwa lake, kwamba mara ile alichelewa kutuletea. Mimi sijawahi kusikia neno likanichoma namna ile. Bi Tausi alimshika mkono akamwingiza studio, akamkalisha kwenye kiti chake mwenyewe, akasoma. Nikabofya. Kile kiduara kikaanza kuzunguka.

Athumani alikitazama. Akauliza taratibu, kama mtu anayeuliza daktari, "Hicho ndicho kilichomzuia Selemani?"  Alikuwa akipitisha vidole kwenye kanzu, akiikunja na kuikunjua. Bi Tausi alivua miwani. Akaniangalia mimi, akaangalia trei za mayai ukutani, kisha akaita kwa sauti ambayo sikuwahi kumsikia nayo, sauti ya mama anayeita watoto uani, "Fidelisi! We Fidelisi! Njoo ugawe."

Alikuja akiwa ameshika mswaki. Alimtazama Bi Tausi kuhakikisha, naye akamwambia, "Gawa, mwanangu, usinitazame." Alikuwa ameshaandaa kila kitu tangu siku ile ya majaribio. Folda zote zilikuwepo tayari, zimekaa tupu zikisubiri ruhusa ya Bi Tausi. Aliielekeza mashine ya kurushia kwenye milango mipya, akaniambia nihifadhi upya, Mchinga. Nikabofya. Limekwenda. Athumani alidhani halijaanza, akaendelea kusubiri, mpaka tulipofungua redio ya mpokezi na sauti ya Bi Tausi ikatoka, ikimtafuta Selemani popote alipo.

Alifika. Tuliambiwa na mwakilishi wetu wa Mchinga kwamba alifika wakati jeneza linatoka nyumbani, hana viatu, na watu wakapisha njia akaenda kulibeba. Aliingia kaburini na kaka yake, wakampokea mama yao kwa mikono yao. Sisi tulishangilia ofisini kama wendawazimu, mtangazaji wa michezo akamkumbatia Fidelisi akamwomba radhi ya pikipiki. Nikatoka kumtafuta Bi Tausi. Nilimkuta studio, ameweka vipokea sauti masikioni, amefumba macho. Alikuwa anamsikiliza Mwanahawa. Fidelisi alikuja akasimama nyuma yangu. Bi Tausi alifumbua macho akasema, "Sasa anakaa na walewale tu," na chozi likamtoka, la kwanza nililowahi kuliona kwake. Fidelisi alipiga magoti kando ya kiti akamshika miguu. 

Mwaka ulipoisha nikapata kazi Dar, kwa barua ya sifa aliyoniandikia Fidelisi. Yeye alibaki. Alibaki miaka yote, akabadilisha seva, akabadilisha diski, akahamisha kila kitu redio ilipojenga nyumba yake, na kila alipohamisha alimpigia Bi Tausi simu kumwambia folda ya zamani imefika salama. Bi Tausi alipostaafu akarudi Mchinga, simu hizo hazikukoma. Figo ndizo zilizomwondoa Fidelisi, haraka, akiwa bado na watoto wa shule.

Nilipofika, msiba ulikuwa umewekwa redioni kwenyewe: uani kulikuwa na maturubai na watu wa Rasbura, mkewe ameketi kwenye mkeka amezungukwa na wanawake, na gari la kumpeleka kwao uwandani lilikuwa linaandaliwa. Bi Tausi alikuwa studio tayari, amekuwa mdogo, mguu ule ameunyoosha. Nilimpa shikamoo, akaniitikia marahaba na kunipangusa uso kwa kanga yake. Akasoma. Sauti ilikuwa imechakaa, lakini ilikushika bega vilevile. Alipofika kwenye majina ya wanaotakiwa kufikiwa na habari alinitaja na mimi, ingawa nilikuwa nimeketi mbele yake. Nikahifadhi kwenye folda ya Rasbura, na kabla sijageuka tukalisikia likitoka kwenye redio za uani, na wanawake wakaanza kulia upya.

"Sasa hilohilo liweke kwa Mwanahawa," Bi Tausi alisema.

Nikaitafuta folda ile. Ilikuwepo, Matangazo, mahali pake, hajaingia mtu humo tangu asubuhi ya Athumani. Nilibofya kuhifadhi, na nitasema ukweli, nilitamani kile kiduara kizunguke. Mimi ambaye ninalipwa kuhakikisha hakizunguki. Nilitaka kizunguke kama zamani, tusimame tukikitazama, tuseme sasa hivi, sasa hivi, na yeye atoke jikoni na masizi usoni. Hakikuzunguka hata nusu. Hakuna tena anayegombea mlango ule. Fidelisi aliingia mara moja, akawa wa mwisho baada ya wote.

"Tayari?" Bi Tausi aliuliza.

"Tayari, mama."

"Mara hii?"

"Ndivyo alivyoiacha."

Nje mtu aligonga, akauliza kama tumemaliza, gari linataka kuondoka. Nikaanza kuinuka. Bi Tausi aliniwekea mkono wake juu ya mkono wangu uliokuwa bado umeshika mausi, akaukandamiza pale mezani. "Usimjibu kwanza," aliniambia. "Tukae kidogo, kama vile bado inahifadhi."